Sahani Iliyovunjika na Daftari la Mdogo Wangu



Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Bugarama, kando ya Ziwa Tanganyika, nikamkuta mdogo wangu wa kike, mwenye miaka saba, amenuna. Shoga yake waliyekuwa wakikaa deski moja alikuwa amepata rafiki mwingine. Siku moja wakati wa mapumziko, mdogo wangu alilichukua daftari la shoga yake akalitupa kwenye tope.

Mama alitaka kumchapa. Mimi, kwa kuwa nasoma masomo ya Kiislamu, nikaomba niachiwe. Nikamkalisha, nikamhubiria juu ya husuda na jinsi inavyoteketeza mema ya mtu. Alisikiliza kimya, kisha akauliza: "Kaka, kwa hiyo Mungu hanipendi tena?"

Nilikosa jibu. Nilikuwa nimesahau jambo tunalosoma mwanzoni kabisa mwa fiqhi: mtoto asiyebaleghe haandikiwi dhambi. Nilimtwisha mzigo ambao sheria haikumtwisha.

Usiku ule, taa za wavuvi wa ndagala zikiwaka ziwani, niliikumbuka hadithi ya Anas katika Sahihi Bukhari. Mtume (s.a.w.) alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wakeze, na mke mwingine akatuma sahani ya chakula. Mwenye nyumba akaupiga mkono wa mtumishi, sahani ikaanguka na kuvunjika. Mtume hakumfokea. Alikusanya vipande na chakula, akawaambia waliokuwapo kuwa mama yao ameona wivu. Kisha akatoa sahani nzima ya nyumba ile apelekewe mwenye sahani, na iliyovunjika ikabaki kwa aliyeivunja.

Ndugu msomaji, humu nilipata mambo matatu ya kumsaidia mtoto.

Kwanza, tuutaje wivu kwa jina lake bila kumtukana mtoto. Imam al-Ghazali katika Ihyaa ametofautisha husuda, yaani kutaka neema imwondokee mwenzako, na ghibta, yaani kutamani upate kama yake bila yeye kupungukiwa. Asubuhi nilimuuliza mdogo wangu, "Uliona wivu?" Akaitikia kwa kichwa, akalia. Hakuwa akimtakia shoga yake mabaya. Alikuwa anaogopa kuachwa.

Pili, hasira itulizwe kabla ya nasaha. Katika hadithi ya Abu Dharr aliyoipokea Abu Dawud, aliyekasirika akiwa amesimama aketi, na isipomtoka alale. Katika Bukhari na Muslim, Sulayman bin Surad anasimulia watu wawili waliotukanana, mmoja uso umemwiva, na Mtume akaelekeza kujikinga kwa Allah na shetani. Mtoto hawezi kujifunza haya katikati ya ugomvi. Tuliyafanyia mazoezi kama mchezo: nikisema "hasira!", anaketi chini na kusoma isti'adha. Baada ya siku chache alikuwa akiniamrisha mimi niketi.

Tatu, kilichoharibika kirudishwe. Hapa ndipo fimbo inaposhindwa, kwa sababu mtoto akishachapwa huona deni lake limekwisha, na mwenzake bado hana daftari. Nilimsimulia habari ya sahani, nikamuuliza tufanye nini. Alikaa kimya kitambo, akaenda kuleta daftari lake jipya. Tulikwenda wote nyumbani kwa shoga yake. Akalitoa, akaomba msamaha kwa sauti ndogo. Lile la tope alirudi nalo, akalianika juani, na ndilo aliloandikia.

Sitasema mambo yalinyooka siku hiyohiyo. Shoga yake alilipokea daftari bila kusema neno, na ilipita karibu wiki nzima ndipo wakaongea. Siku hizi wanakwenda shuleni watatu. Siku nyingine mdogo wangu bado ananuna, lakini hurudi nyumbani na kusema, "Kaka, leo niliona wivu." Kwangu hilo ni kubwa, maana anayeweza kulisema hana haja ya kulitupa topeni.

Ndugu zangu, wengi wetu tukirudi likizo tunasaidia kufundisha madrasa, na tuna wadogo wanaotutazama. Tuchunge sana elimu yetu isije ikawa ndiyo fimbo. Kabla hatujamsomea mtoto hadithi za adhabu, tumuulize kwanza anaumia wapi.

Allah atujaalie subira, na awalee wadogo zetu katika kupendana. Amin.

Wabillahi tawfiq.