Saratani ya Tezi Dume: Kabla ya Kukikataa Kisu au Kukikubali

Mzee akiambiwa ana saratani ya tezi dume, nyumbani huulizwa jambo moja: apasuliwe, au atafutiwe dawa ya miti shamba? Swali hilo limeruka hatua. Kwanza ijulikane ana ugonjwa gani na umefika wapi.

Mkojo kutoka vizuri si kupona

Tezi dume iko chini ya kibofu na imeuzunguka mrija wa mkojo. Kwa wanaume wengi hukua kadiri umri unavyosogea, na ukuaji huo wa kawaida si saratani. Ndio unaomwamsha mzee usiku kucha, akafika chooni na kusimama akisubiri matone. Saratani ikiwa changa mara nyingi haina dalili, kwa kuwa aghalabu huanzia pembeni mwa tezi, mbali na mrija. Na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Hapo ndipo wengi hupotea. Magome ya Prunus africana, mti wa misitu yetu ya milimani ambao Wakikuyu huuita muiri, yameuzwa hadi Ulaya kama dawa ya tezi iliyokua, na wapo wanaopata nafuu ya mkojo. Kuponya saratani hayajathibitishwa. Mgonjwa akimaliza chupa mbili za maji ya kahawia ya magome hayo, akakojoa vizuri na kuacha kliniki, saratani yake haijaguswa.

Hata kipimo cha damu cha PSA, kinachotumika kuifuatilia saratani hii, huweza kumfariji mtu bure. Miaka ya 1990 huko Marekani viliuzwa vidonge vya PC-SPES, vikisemwa ni mimea minane tu. PSA za wagonjwa zilishuka kweli. Mwaka 2002 viliondolewa sokoni baada ya maabara kukuta ndani yake dawa za viwandani, zikiwamo homoni ya kike na warfarini, dawa inayozuia damu kuganda. Homoni ya kike huilaza saratani hii kwa muda, jambo lililojulikana tangu 1941, lakini hutolewa kwa kipimo, na mgonjwa akijua anachomeza. Vitamini nazo zisikupumbaze: katika utafiti wa wanaume zaidi ya 35,000 huko Amerika Kaskazini, waliopewa vitamini E pekee walipata saratani hii kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Kutopasuliwa nako kuna utaratibu wake

Mbadala wa kisu upo hospitalini penyewe. Nchini Uingereza wanaume 1,643 waliogunduliwa mapema waligawanywa kwa kura: wengine wakapasuliwa, wengine wakapigwa mionzi, wengine wakafuatiliwa tu kwa vipimo. Baada ya miaka 15, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa takriban 3 katika kila 100, tofauti kati ya makundi ikiwa ndogo. Lakini kwa waliofuatiliwa tu, saratani ilisambaa karibu mara mbili ya wengine, na wengi wao hatimaye walitibiwa. Kufuatiliwa maana yake ni kurudi kupima kila baada ya miezi michache, si kukaa nyumbani na kuomba heri.

Kwetu wengi hufika saratani ikiwa imeshaingia mifupani. Hapo kuondoa tezi mara nyingi hakusaidii tena. Hutumika sindano za homoni au kuondoa korodani, operesheni ndogo isiyohitaji kununua sindano miaka nenda rudi. Mionzi hutolewa, miongoni mwa kwingine, katika taasisi ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam.

Ukishauriwa kupasuliwa, usione haya kumuuliza daktari amefanya operesheni ngapi za aina hiyo. Utarudi nyumbani na mpira wa mkojo kwa wiki moja au mbili. Mkojo huweza kuvuja kwa miezi, na kwa wachache hauishi. Nguvu za kiume hupungua kwa wengi. Mama watoto aambiwe mapema, tena mbele ya daktari ikiwezekana.

Kama unatumia dawa ya miti shamba, ipeleke kliniki na chupa yake. Baadhi huzidisha kutoka damu mezani pa upasuaji.

Na mwenye saratani hii akianza kuumwa mgongo huku miguu ikilegea, au mkojo ukiziba kabisa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama miadi yake ni wiki ijayo. Uti wa mgongo ukibanwa, kuchelewa kwa siku chache kunaweza kumpooza.