Somo: Kuchagua Msaidizi wa Moyo Ulioumia



Mtu akivunjika mguu hapa Kasenga, jirani zake humbeba mpaka hospitali, wala hakuna amwambiaye, «Sahau tu, utapona.» Lakini mtu akivunjika moyo, mara nyingi ndivyo tunavyomwambia. Leo na tujifunze jinsi ya kumtafutia msaidizi anayefaa.

1. Jeraha la moyo hujulikanaje?

Tuwaze mvuvi mmoja wa pwani yetu. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mvuvi huyo alifiwa na mtoto. Tangu hapo hapati usingizi. Mawingu yakitanda juu ya milima, moyo wake huenda mbio. Wenzake wanarudi na ndagala, bali mtumbwi wake umelala mchangani. Huwakaripia watoto waliobaki, kisha hujificha alie.

Kumlilia marehemu si ugonjwa, ni upendo. Lakini huzuni ikikaa miezi mingi, ikimnyima mtu usingizi, chakula na kazi, hilo ni jeraha linalotaka kuuguzwa. Si alama ya imani haba, wala si laana ya ukoo. Na mtu akisema kwamba ataka kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe kwa tabibu siku ile ile.

2. Je, wema peke yake watosha?

Wema wafaa sana, lakini ustadi huuongezea nguvu. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza habari za kazi iliyofanyika katika nchi ya Kivu. Walitafuta wanawake waliotendwa jeuri ya kunajisiwa, wenye huzuni na hofu nyingi. Katika vijiji 7, wanawake 157 walikutana na msaidizi mara 1 kila mtu peke yake, kisha mara 11 katika vikundi. Humo walifundishwa kuyapima mawazo yaliyowatesa, kama vile «Kosa ni langu mimi», na kuyaondoa yasiyo kweli. Katika vijiji 8 vingine, wanawake 248 walisikilizwa na kufarijiwa mmoja mmoja.

Makundi yote mawili yalipata nafuu. Lakini miezi 6 baada ya kazi kwisha, katika kila wanawake 100 wa vikundi, 9 tu walikuwa bado na alama za huzuni kuu au hofu. Katika kundi la pili walikuwa 42. Na wasaidizi wenyewe hawakuwa madaktari: walikuwa watu wa nchi hiyo waliofundishwa na kusimamiwa. Tena kijiji kimoja kiliondolewa katika hesabu, kwa sababu ustadi wa msaidizi wake ulitiliwa shaka. Mwaona basi: hata wakubwa wa kazi humpima msaidizi. Nasi tusione haya kumpima.

3. Alama za msaidizi mwema

Kwanza, amefundishwa kazi hiyo, naye yuko tayari kusema alifundishwa wapi na nani amsimamia.
Pili, hutunza siri. Anayekusimulia habari za wengine, kesho atasimulia zako.
Tatu, husikiliza kuliko kusema, wala hakulazimishi kueleza yote siku ya kwanza.
Nne, anajua mwisho wa uwezo wake, hukutuma kwa daktari inapohitajika.

Mkimbieni anayeahidi kuponya kwa siku moja, anayemtaja jirani kuwa mchawi, anayemfunga mgonjwa kamba au kumpiga, na anayetaka mwili wa mwanamke kama malipo.

Ukikutana mara kadhaa na msaidizi mwema, usione nafuu, mwambie wazi. Pengine atabadili njia. Pengine utahitaji mwingine. Kubadili msaidizi si utovu wa heshima.

4. Padre na msaidizi

Sakramenti ya Kitubio, mtakayoipokea baada ya Ubatizo, huondoa dhambi. Lakini aliyetendwa jeuri hana dhambi ya kuungama kwa jambo hilo. Ana jeraha la kuuguzwa. Padre na katekista humwombea na kumsindikiza, wala hawashiki mahali pa tabibu.

5. Tuanzie wapi?

Anzeni katika kituo cha afya kilicho karibu, mkamwulize mwuguzi habari za wasaidizi wale tuwaitao A.P.S. Ugonjwa ukiwa mzito, iko hospitali ya SOSAME huko Bukavu, ya mabruda Frères de la Charité, kwa magonjwa ya akili. Na katika hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, wanawake waliotendwa jeuri hutunzwa mwili na moyo pamoja.

Maswali ya kurudia somo

S. Je, kutafuta msaidizi wa moyo ni kukosa imani?
J. Hapana. Ni kama kumpeleka aliyevunjika mguu hospitali.

S. Msaidizi mwema hujulikana kwa nini?
J. Amefundishwa, hutunza siri, husikiliza, na anajua mwisho wa uwezo wake.

S. Aliyetendwa jeuri ana kosa?
J. Hana. Kosa ni la aliyemtenda.

Azimio: Juma hili nitamtembelea mmoja ambaye mtumbwi wake umelala mchangani. Sitamwambia asahau. Nitamsikiliza, na akikubali, nitamsindikiza mpaka kituo cha afya.