Mkono Usiotulia: Somo juu ya Kung'oa Nywele na Kuchubua Ngozi

Wako watu ambao hung'oa nywele zao wenyewe, moja moja, kichwani, nyusini au kopeni, hata pakaonekana kipara. Wengine huchubua ngozi na kubandua vigaga, vidonda visipate kupona. Wakiulizwa, "Mbona wajiumiza?" hunyamaza, maana wenyewe hawajui la kujibu. Basi, yafaa tujifunze taabu hii ni nini, na jinsi ya kumsaidia aliye nayo.

1. Ni maradhi, si ukaidi

Mwaka 1889 daktari wa ngozi Mfaransa, François Henri Hallopeau, aliipa taabu ya kung'oa nywele jina la trikotilomania. Jina hilo lilitungwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya nywele, kuvuta na wazimu. Lakini mwenye taabu hii si mwenda wazimu. Akili zake ni timamu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limeiweka pamoja na kuchubua ngozi katika fungu moja la maradhi. Hesabu za nchi kadhaa zaonyesha kwamba kung'oa nywele humpata mtu 1 au 2 katika kila watu 100. Kama na kwetu ni hivyo, katika usharika wa watu 300 wamo 3 hata 6, nao hujificha chini ya kilemba. Mara nyingi huanza mtoto apatapo miaka 10 hata 13.

2. Jinsi inavyokwenda

Kuna njia mbili. Pengine mkono huenda wenyewe, mtu akisoma au akingoja usingizi, asijue mpaka aone nywele mkekani. Pengine moyo husongwa, hamu ikapanda. Aking'oa hupata nafuu kidogo, kisha aibu humjia. Aibu nayo humsonga tena, mkono ukarudi palepale. Kwa hiyo kumpiga mtoto, kumcheka, au kumfunga mikono hakuponyi. Kwazidisha kile kinachouchochea mkono. Tena, shule zetu nyingi hutaka wanafunzi wakate nywele ziwe fupi sana. Mtoto asipopata nywele za kushika kichwani, mkono waweza kuhamia nyusini, kopeni au kwenye ngozi. Watu husema amepona, kumbe amehama tu.

3. Hatari ya kutojua

Katika nchi yetu ya Shinyanga na Geita jambo hili lina uzito wa peke yake. Twajua ya kuwa vikongwe wengi wa Usukuma wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na dalili iliyotajwa ilikuwa macho mekundu tu, nayo yalitiwa wekundu na moshi wa jikoni. Basi, nywele zikionekana kitandani na kichwa cha binti kina kipara, ni rahisi kuuliza, "Nani amezichukua?" na kwenda kwa mpiga ramli. Yeye hutaja jina, na mara nyingi jina hilo ni la bibi asiye na mtetezi. Kumbe mkono uliozing'oa ni wa binti mwenyewe. Ajuaye hayo aweza kuokoa wawili: binti na fimbo, na bibi na panga.

4. La kufanya kwanza

Mpeleke mgonjwa hospitalini, maana si kila kipara ni cha kung'oa, wala si kila kidonda ni cha kuchubua. Kuna mapunye, kuna upele. Mchimbaji wa dhahabu ashikaye zebaki amweleze daktari kazi yake, kwa kuwa zebaki nayo yaweza kudhuru ngozi. Mtoto akimeza nywele, kisha akaumwa tumbo, akatapika na kukataa chakula, msikawie: nywele hufanya donge tumboni, nalo huenda likahitaji kupasuliwa. Taabu ikizidi, wako matabibu wa maradhi ya akili katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, na ya Mirembe, Dodoma.

5. Kuufundisha mkono

Mwaka 1973 wataalamu wawili wa Marekani, Azrin na Nunn, walieleza mafunzo yanayotumika hata leo:

Kwanza, mtu aujue mkono wake. Aandike saa, mahali, na alilokuwa akiwaza mkono ulipoinuka.

Pili, hamu ikija, mkono upewe kazi nyingine. Akunje ngumi kwa dakika moja au zaidi, hata hamu ipungue. Au amenye karanga, au asuke ukili.

Tatu, awe na mwenzi mmoja wa kumkumbusha kwa upole na kumsifu ashindapo.

Tena akate kucha, na avae kilemba saa za hatari. Hakuna dawa moja iliyothibitika kuwaponya wote. Wengi hupata nafuu, kisha hurudi nyuma, wakaanza tena. Kurudi nyuma si kushindwa.

Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Lakini mgonjwa hatafunua maradhi yake mbele ya watu wamchekao. Basi, kazi ya kwanza ni yetu.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini kumpiga mtoto huzidisha taabu yake?
2. Mtu akikuambia kipara cha binti ni uchawi, utamjibuje?
3. Ni kazi gani ya mikono nyumbani mwako yafaa kumpa mwenye taabu hii?