Kijiji kimya kina wenyewe



Barua ya safari hii imetoka kwa mdogo wetu mmoja wa Vickery Meadow, hapa Dallas. Analea wazee usiku, mwaka wa nne sasa. Anasema akirudi asubuhi usingizi hauji, basi anajilaza na simu mkononi akitazama video za kijiji kimoja cha Hispania: nyumba za mawe, kengele ya kanisa, mzee na mbuzi wake, shamba la ngano, basi. Amepata likizo ya siku 10 na amedunduliza vijisenti. Wenzake wanamcheka. "Sisi tumekimbia kijiji, wewe unakilipia nauli?" Ananiuliza kama amerukwa na akili.

Hujarukwa, mdogo wangu. Mtu aliyekua akiamshwa na jogoo na kulazwa na mvua ya bati, ukimweka miaka minne kando ya barabara ya 75, masikio yake yatadai haki yao. Hilo halina aibu.

Ila tuanze na makaratasi, maana hapo ndipo watu wetu huumia. Kama una pasi ya Marekani, Hispania unaingia bila viza, mwisho siku 90 ndani ya siku 180. Kama una green card na pasi yako ni ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo, bado unahitaji viza ya Schengen. Ile kadi haikufungulii mlango wa Ulaya, hata akikwambia nani. Na kama kesi yako ya hifadhi haijaamuliwa, usitoke nje ya Marekani kabla hujakaa na wakili wako, hata iwe safari ya msiba, sembuse matembezi. Tafadhali sana. Kutoka ni rahisi, kurudi ndiko kwenye kazi.

Ukishakuwa na ruhusa, ndege ya moja kwa moja kutoka DFW mpaka Madrid ipo. Lakini kutoka Madrid mpaka kwa yule mzee na mbuzi ni safari nyingine. Itakubidi ukodi gari, kwa sababu basi la kijijini halipiti kila saa, na siku nyingine halipiti kabisa. Duka likifungwa mchana saa nane usilingoje, linafunguliwa jioni. Chakula cha usiku watu wanaanza kukifikiria saa tatu. Na mwezi wa Agosti usiende kutafuta kimya, maana ndio mwezi ambao watoto wa kijiji wanarudi kutoka Madrid na Barcelona, wanacheza ngoma mpaka alfajiri.

Hapo kwenye Agosti tukae kidogo.

Unaijua Rombo, kule Kilimanjaro, mwezi wa Disemba? Magari yamepanga foleni mpaka juu kwenye migomba, kila mji una moshi wa nyama. Nenda Machi sasa. Unawakuta bibi na babu, na mjukuu mmoja aliyeachwa kulelewa. Hispania nako ni vivyo hivyo. Ina manispaa zaidi ya 8,000, na zaidi ya nusu yake hazifikishi watu 1,000. Vijana waliondoka kwenda kutafuta kazi mijini, shule zikakosa watoto, zikafungwa. Kimya kile unachokitazama kwenye simu, mdogo wangu, ndicho walichokiacha walioondoka. Mimi na wewe tuko katika kundi la walioondoka. Ukienda kwenye kijiji cha watu, nenda ukijua hivyo, maana mzee yule wa mbuzi na mama yako wa nyumbani wana kilio kimoja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kabla hujatoa pesa zako zote, toa Jumamosi moja. Nenda Dubina.

Dubina iko wilaya ya Fayette, hapa hapa Texas, karibu na mji mdogo wa Schulenburg. Kutoka Houston unashika barabara ya 10 kuelekea magharibi, saa moja na nusu hivi umefika. Kutoka Dallas unashuka mpaka Waco, unaifuata ya 77 kupitia Cameron, Giddings na La Grange, mwendo wa saa nne. Familia za Wacheki kutoka Moravia zilifika pale mwaka 1856, baada ya kushuka melini Galveston. Inasimuliwa kwamba dhoruba ya baridi iliwakuta njiani, wakajibanza chini ya mialoni, na jina Dubina kwa lugha yao ni msitu wa mialoni. Wakalima pamba. Miaka ya 1870 reli ikapita Schulenburg na Flatonia, biashara zikaifuata reli, vijiji vya pembeni vikabaki na kanisa, makaburi na mashamba. Ndiyo maana leo pamenyamaza.

Mimi nilienda mwezi wa Aprili na wanangu wawili. Karibu na kijiji kuna daraja la chuma la mwaka 1885, jembamba, la gari moja. Wenyeji wanaliita Piano Bridge kwa sababu ya mlio wa mbao zake gari likipita. Nilizima redio, nikashusha vioo, tukalivuka polepole. Zile mbao zinalia moja baada ya nyingine, kila moja na sauti yake, kisha unafika ng'ambo na hakuna tena kitu, upepo tu. Mwanangu mdogo akasema turudi tena. Tukarudi mara tatu.

Kanisa la Dubina kwa nje ni la kawaida, jeupe. Ukiingia ndani unasimama mwenyewe bila kuambiwa. Dari ni bluu, limetapakaa nyota za dhahabu, na malaika kila upande. Kanisa la wakulima wa pamba, limepambwa hivyo! Lakini mimi kilichonishika kiko nje, juu kabisa ya mnara. Ule msalaba wa chuma ulifuliwa na Tom Lee, mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, kwa ajili ya kanisa la kwanza. Mwaka 1909 kimbunga kikalibomoa kanisa lile. Wakajenga jipya, wakauchukua msalaba wa Tom Lee wakaupandisha tena juu. Nilikaa kwenye nyasi nikiutazama mpaka shingo ikauma.

Nalisema hili kwa sababu barua yako ina swali umelificha mwishoni: "Na sisi weusi, huko mashambani, tutapokewaje?" Sitakudanganya, hofu hiyo ina historia yake katika jimbo hili, na sitaki mtu aidharau. Nenda mchana, nenda na mwenzako, mwambie mtu wa nyumbani unapoelekea, na pakua ramani kwenye simu kabla, kwani mtandao hukatika. Lakini usiende ukidhani unaingia mahali ambapo mikono yetu haikupita. Tena kama moyo bado mzito, wenzetu wa Houston wanaweza kuanza na Kendleton, wilaya ya Fort Bend, kando ya barabara ya 59. Kijiji hicho kilianzishwa na watu waliotoka utumwani wakanunua vipande vya ardhi ya William Kendall, aliyekuwa mwenye shamba kubwa.

Sasa adabu za kijijini. Hizi unazijua tangu utotoni, sema mjini tumezisahau.

Salamu kwanza. Kwenye zile barabara nyembamba, dereva mnayepishana atanyanyua kidole kimoja au viwili kwenye usukani. Hiyo ni salamu, itikia. Ukimkuta mtu uani, wewe mgeni ndiye unayeanza. Na hodi ya Texas ina rangi: ukiona mti au nguzo ya uzio imepakwa rangi ya zambarau, sheria ya hapa inasema ni sawa na kibao cha kukukataza kuingia. Mimi nilikuwa siijui. Niliona maua ya bluu upande wa pili wa nguzo, nikawavusha watoto tupige picha. Gari la mzee mmoja likasimama. Moyo ulinienda mbio. Nikamwahi kwa salamu, nikamwomba radhi kabla hajasema neno. Akanionyesha ile rangi, akanieleza taratibu, halafu akazima injini.

Akauliza tumetoka wapi. Dallas. Na kabla ya Dallas? Nilipomwambia, unajua alichouliza? Kama mvua za kwetu bado zinakuja kwa wakati. Tukaongea mahindi na ng'ombe karibu nusu saa, kama niko kwa baba yangu mdogo. Akaniambia mama yake alikuwa akisali kwa Kicheki, na yeye mwenyewe anakisikia lakini hawezi tena kukijibu vizuri. Wakati anasema hivyo, wanangu nyuma yangu walikuwa wakigombania simu kwa Kiingereza. Nimelibeba lile neno mpaka leo. Jioni ile ndani ya gari nilianza kuwasemesha Kiswahili tu, na sijaacha.

Makanisani, milango huwa wazi mchana kwa wageni, na kuna sanduku la sadaka. Tia chochote, paa halijitengenezi. Ukikuta harusi au mazishi, geuza. Usipige picha nyumba za watu. Praha, kijiji kingine cha jirani, ina kumbukumbu za vijana 9 wa parokia moja waliokufa vitani kati ya 1944 na 1945. Pale vua kofia, watoto wasikimbie.

Njaa ikikuuma, La Grange na Schulenburg wanauza kolache, mikate laini ya Kicheki yenye matunda katikati. Wasomaji wangu Waislamu, zile zenye soseji mara nyingi ni nguruwe, ulizeni au chukueni za matunda. Dubina yenyewe haina duka wala kituo cha mafuta, kwa hiyo jaza tangi Schulenburg.

Ukirudi, kaa siku mbili ndipo uniandikie. Kama bado unaitaka Hispania, nitakusaidia kupanga, na nitafurahi nawe. Kama umegundua unayemtaka ni mama, hizo pesa za nauli unajua pa kuzipeleka.

Ila nakuomba jambo moja, mdogo wangu. Usitoke shifti asubuhi ukaingia moja kwa moja barabarani. Saa nne ni nyingi kwa macho yasiyolala. Lala kwanza, hata kama ni mpaka Jumamosi nyingine. Dubina ipo tangu 1856, itakungoja.