Antena ya Wima ya Redio ya Ridhaa: Namna ya Kuijenga na Kutambua Hitilafu Zake

Mwezi Aprili 2024 sehemu ya Mlima Kawetere iliporomoka, tope likafukia nyumba katika Kata ya Itezi, jijini Mbeya. Maafa ya namna hii huweza kukata umeme na kunyamazisha minara ya simu, saa ile ile ambayo msaada unahitajika. Redio ya ridhaa haitegemei mnara wa mtu mwingine. Betri ya volti 12 na antena nzuri huitosha. Somo hili linaeleza antena ambayo fundi wa kijijini aweza kuijenga kwa siku moja.

Leseni kwanza

Anayetaka kurusha mawimbi hana budi kupata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Vituo vya Tanzania hutambuliwa kwa alama inayoanza na 5H.

Vipimo na vifaa

Antena hii ni ya masafa ya megahezi 144 hadi 146. Urefu wa waya wa wima hupatikana kwa kugawanya 7,150 kwa masafa; kwa megahezi 145 jibu ni sentimita 49.3. Huhitajika pia nyaya nne za chini, kila mmoja sentimita 52. Waya wa shaba wa kutandazia umeme nyumbani wafaa. Viongezwe soketi ya antena yenye matundu manne, skrubu na nati zake, mlingoti wa mwanzi au bomba la plastiki, na kebo ya omu 50. Kebo ya televisheni ni ya omu 75, hivyo si chaguo la kwanza.

Ujenzi

1. Waya wa wima ukatwe kwa ziada ya sentimita 2, kisha ulehemiwe kwenye pini ya katikati.
2. Nyaya nne zifungwe kwa skrubu kwenye matundu ya soketi na ziinamishwe nyuzi 45. Zikilala bapa, ukinzani wa antena hushuka hadi karibu omu 36; zikiinama hukaribia omu 50 za kebo.
3. Kebo iunganishwe, na maungio yote yazibwe maji yasipenye.

Kupima

Kipimo cha mawimbi yanayorudi kitumike katika megahezi 144, 145 na 146. Uwiano ukiwa mdogo zaidi kwenye 144, waya ni mrefu: ukatwe milimita 3 kila mara, na kila mkato utapandisha masafa kwa karibu megahezi moja. Ukiwa mdogo zaidi kwenye 146, waya ni mfupi. Uwiano wa 1.5 au pungufu ni mzuri; ukizidi 3, mrushaji asiendelee.

Hitilafu na tiba

Uwiano ukiwa mkubwa kila mahali, kebo ifunguliwe pande zote mbili. Waya wake wa ndani upitishe umeme mwisho hadi mwisho, lakini usigusane na wavu wa nje. Kwenye antena yenyewe, pini na mwili wa soketi pia visigusane.

Uwiano ukiharibika wakati wa mvua tu, maji yamepenya kwenye maungio. Kebo iliyonywa maji ibadilishwe, kwa kuwa humeza nguvu za redio na kukifanya kipimo kionyeshe uwiano mzuri wa uongo.

Uwiano ukiwa mzuri kweli lakini kituo hakisikiki, huenda mlima umeziba njia. Antena ipandishwe juu au ihamishiwe mahali palipo wazi.

Ikumbukwe kwamba antena hii ni ya kata na jirani zake. Kati ya Iringa na Mbeya kuna zaidi ya kilomita 300 za barabara, na safu za milima. Kwa umbali huo hutumika megahezi 7, kwa waya wa kulala wa mita 20 uliokatwa katikati na kuungwa kwenye kebo. Waya huo hurusha mawimbi juu, nayo hurudishwa na anga. Antena ya wima ya masafa hayo hutupa mawimbi mengi mbali, ikaruka majirani.

Usalama

Mlingoti usimamishwe mbali na nyaya za TANESCO, angalau mara mbili ya urefu wake. Kebo ichomolewe mapema, kabla radi haijakaribia. Majaribio yafanyike kiangazi, na kamati ya maafa ya kata ijue nani ana redio na anasikika hadi wapi.