Kitambaa cha ndege za modeli ni adimu: usilipe kwa haraka

Uko Meru ama Embu na unaunda ndege za modeli? Basi shida unaijua: fremu inakamilika, lakini kitambaa cha kufunika mabawa hakuna. Solartex ya Uingereza haitengenezwi tena, na Oratex ya Ujerumani lazima iagizwe. Matapeli wanapenda vitu adimu kama hivi: "Imebaki rola moja, tuma dipoziti saa hii."

Kabla hujatuma:

1. Omba kipande kidogo kije na matatu. Kipitishe pasi ya joto la wastani. Kikijikaza, kinafaa.
2. Lipa kwa namba ya till ya duka. Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha. Si la duka? Acha.
3. Usifute SMS ya malipo.

Ukikosea namba kwenye M-PESA, tuma ile SMS kwa 456 mara moja. Lakini elewa: huduma hiyo ni ya aliyekosea namba. Ukimtumia muuzaji uliyemkusudia na rola isifike, hiyo ni kesi ya kuripoti polisi, na SMS ndiyo ushahidi wako.

Umekosa kabisa? Jaribu bitana ya polyester, ile fundi hutia ndani ya koti. Nyingi hujikaza kwa pasi. Kisha unapaka vanishi kuziba matundu. Tafuta maduka ya vitambaa mjini: unaishika kwanza, ndio unalipa.