Mbegu za Nyasi kwa Ardhi Iliyochimbwa

Kandokando ya Dar es Salaam, kama vile Kunduchi na Boko katika Kinondoni, kuna mahali palipochimbwa kokoto pakaachwa wazi. Udongo wa juu umekwisha ondoka, na masika ijapo maji hukata makorongo kuelekea nyumba za watu.

Wengi hufikiri miti tu. Mti ni mwema, lakini mizizi ya nyasi huushika udongo upesi zaidi. Huko Baringo, nchi ya Kenya, tangu mwaka 1982 mashamba yaliyokuwa matupu yamezungushiwa ua na kupandwa nyasi za asili ya huko, hata wenyeji wakapata malisho, na mbegu za kuuza.

Basi, mbegu zapatikanaje? Zitazame nyasi ziotazo zenyewe karibu na mahali pale, maana zimekwisha zoea udongo wake. Lipitishe suke katika vidole: mbegu zikitoka bila kuvutwa, zimeiva. Zianike kivulini, uziweke katika mfuko wa kitambaa, mahali pakavu. Mbegu za nyasi nyingi hazioti vema zikiwa mpya. Zataka kulala miezi kadhaa. Tena masuke mengi ni makapi matupu, nayo hudanganya macho. Kwa hiyo hesabu mbegu 100, zikunje katika kitambaa chenye unyevu, uone ni ngapi zitakazochipua. Zikichipua 20 tu, itakupasa kutawanya nyingi zaidi.

Mwezi wa Machi, kabla ya mvua kubwa, chimba vijifereji vya kukingama mteremko, tawanya humo, ufunike kwa udongo mwembamba sana. Mbuzi wazuiliwe mwaka wa kwanza wote.